Mikono Mirefu ya Jipu la Hamia

Mwezi uliopita, kwenye arusi ya mjukuu wake pale Gongoni, nilimsikia Fundi Shabani akiwaambia vijana kwamba gari la kwanza la mikono mirefu mjini Tabora lilikuwa wazo lake. Alisema hivyo vidole vikiwa ndani ya pilau, bila hata kukohoa. Mimi nilikuwa nasimamia masinia, kwa sababu katika ukoo ule hakuna mwingine anayeaminika kuhesabu masinia yanayotoka na yanayorudi. Nikamtazama Fundi Yohana, mwenye wazo hasa, aliyekaa upande wa pili wa sinia lilelile. Lakini Yohana alikuwa amepata paja la kuku, na mtu mwenye miaka yake na meno yake akipata paja la kuku habishani na mtu. Akatikisa kichwa kama anayekubali. Tulikuwa saba katika ushirika wetu wa gereji. Tumebaki watatu, wao wawili na mimi. Nikaona kwamba nisipoandika, ukweli utaliwa pamoja na pilau.

Mwaka ninaousema ni ule wa watu kuhamia vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikitunza stoo ya gereji yetu kule Ng'ambo, mwanamke peke yangu kati ya mafundi sita. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, kuta nene za zamani, na kabla yetu ilikuwa ghala la nta. Petroli, grisi na jasho la wanaume sita havikuweza kuishinda harufu ile ya nta. Hadi leo nikiwasha mshumaa naona spana. Madukani mwaka ule kulikuwa na rafu. Rafu zilikuwa nzuri, zimefutwa vumbi, hazina kitu. Kwa hiyo kazi ya mtunza stoo haikuwa kutunza, ilikuwa kutafuta: kujua nani ana boliti anazotumia kama vizito vya mizani, nani amefungia mlango wake kwa mnyororo wa pikipiki, na kila mmoja anataka nini ambacho mwenzake hakihitaji. Sikuwa na elimu kubwa. Nilikuwa na mdomo, na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, mara moja kwa macho na mara moja kwa kidole.

Kitu cha thamani tulichokuwa nacho kilikuwa mashine ya kuchomelea vyuma, na haikuwa yetu. Tuliazimwa na serikali. Siku moja Bwana Afisa wa mkoa, mtu mwembamba mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alikuja akasimama mlangoni bila kuingia, akiogopea suruali yake. Akatuambia kuna mji mwingine unaitaka mashine ile. "Hapa inafanya nini?" akauliza. "Mnachomelea majembe na vitanda." Shabani akamwambia vitanda navyo ni maendeleo, hakucheka. Akatupa sharti. Kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa mbali kupita Kwihara, ambacho sisi wa mjini tulikiita Hamia, kilikuwa na jipu kuukuu lililokufa springi. Mashine yao ya kusaga ilikuwa mezani kwetu, tumeifungua inasubiri ringi. Tulifufue jipu, tulipakie mashine ya kusaga, lifike Hamia mvua zikiwa zimeanza, na lirudi mjini kwa magurudumu yake lenyewe. Likirudi, mashine ya kuchomelea inabaki. Likikwama, inapakiwa treni ya Ijumaa inayofuata, na sisi saba kila mtu arudi kwao.

Sasa, jipu lile lilizaliwa na springi za mabamba, zile za vyuma bapa vilivyopangana kama chapati. Springi ya mabamba inafanya kazi mbili: inabeba gari, na inaishika ekseli isitoke mahali pake. Zilikuwa zimekatika zote nne, na Tabora nzima hapakuwa na nyingine. Nilizunguka siku tano. Nilichopata ni springi nne za koili, zile za kujiviringa, kwa msimamizi wa shamba la misheni karibu na Kwihara. Alikuwa ameziweka chini ya banda la kuku lisiguse unyevu. Alitaka saruji. Nikamcheka kwa heshima, maana kutaka saruji mwaka ule ilikuwa kama kutaka theluji. Tukaelewana kwa matofali manane na kutengenezewa pampu ya maji. Banda likabaki palepale, kuku hawakulalamika. Lakini koili inabeba tu, haishiki. Ukiifunga peke yake, gari litaondoka na magurudumu yatabaki nyuma yakisubiri nauli. Inahitaji mikono: vipande vya bomba nene vinavyotoka kwenye ekseli na kufungwa kwenye chesisi, miwili mbele, miwili nyuma, ili gurudumu lipande na kushuka bila kupotea. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa: mikono hiyo iwe mirefu au mifupi?

Ugomvi huo tuliula pamoja na chakula cha mchana kwa siku nne. Tulikuwa tunakula kwenye chumba cha nyuma cha Mama Zena, jirani yetu, ugali na migebuka iliyokuja na treni kutoka Kigoma, na asubuhi matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa chai ya rangi. Chumba kilikuwa kidogo, mkeka mmoja, ukuta mweupe aliojipakia mwenyewe. Siku ya pili Yohana alinyanyuka ugali ukiwa bado mkononi, akachukua kipande cha mkaa. Alikuwa Mmoravian, mtoto wa wakulima, mtu wa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu aliona ni rahisi kuchora kuliko kusema. Akashindilia ncha ya mwiko ukutani kwa kidole gumba, akainua ncha ya pili vidole vinne, mkaa ukafuata. Akafanya vilevile kwa kijiko cha chai.

"Tazama, Shabani. Wa mwiko umepanda karibu wima. Wa kijiko umepinda umerudi nyuma. Gurudumu likipanda kizingiti, mkono mfupi unalirudisha nyuma. Unaligombeza badala ya kulipisha. Likishuka shimoni, linafika nusu linaning'inia hewani."

"We Yohana!" Mama Zena akapiga kelele kutoka jikoni. "Huo ukuta nimeupaka chokaa kwa ajili ya Idi!"

"Samahani, mama. Ni elimu."

"Elimu ikachorwe shuleni!"

Shabani alikuwa anachambua miba ya mgebuka kwa utulivu wa kukera. Yeye alikuwa mtu wa mjini hasa, dereva wa malori kabla ya kuwa fundi, kofia yake ya kiua haikuwahi kuguswa na grisi. "Mchoro mzuri," akasema. "Sasa nichoree tumbo la gari. Mkono mrefu unafungwa wapi? Katikati, chini ya tumbo. Na visiki viko wapi? Katikati ya njia. Kisiki kimoja tu, kinakamata kile kibano chako cha kufungia mkono kama mgambo anavyomkamata mtu asiye na kitambulisho. Mkono mfupi umejificha nyuma ya gurudumu kama mtu aliyemwona mama mkwe."

"Basi gari litaruka kama mbuzi."

"Liruke. Mbuzi anafika."

Kila siku hivyo. Watatu upande wa Shabani, watatu upande wa Yohana, na kura ya saba ilikuwa yangu. Kilichofanya mambo yawe mazito ni bomba. Nililipima asubuhi nikalipima jioni: bomba moja tu la kisima kilichokauka, futi kumi na tatu. Mikono mifupi minne, ya futi moja na nusu, ingekula futi sita, tukabakiwa na saba za kusahihishia makosa. Mirefu, ya futi tatu, ingekula kumi na mbili, tukabakiwa na kipande cha kuegemezea mlango. Tukikata mirefu ikawa si yenyewe, hakuna bomba jingine. Siku ya nne wote sita wakanigeukia, kitu ambacho hakikuwa kawaida yao.

"Dada Mwajuma, sema wewe," Yohana akasema.

"Sijaiona njia. Siwezi kukata suruali sijamwona mvaaji."

"Ukiiona njia utajuaje?" Shabani akauliza. "Wewe si fundi, mwanangu."

"Nitaihesabu, Mzee."

Walicheka, na mpaka leo naweza kusema ni nani alicheka kwanza. Kesho yake nilidandia tela la trekta la kuazima lililokuwa linapeleka mbolea Hamia kwa mara ya mwisho kabla ya mvua. Tulipita Kwihara, tukaingia njia ya misafara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na meno ya tembo, nyembamba na imezama katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa zamani. Watu wazima wameandika mengi kuhusu njia ile. Mimi niliandika makorongo ishirini na matatu na visiki mia moja hamsini na nane. Wakati wa kurudi nilihesabu tena, nikitembea kwa miguu pale trekta lilipolemewa, nikapata makorongo yaleyale ishirini na matatu na visiki mia moja sabini na kimoja. Tofauti ilikuwa nyasi. Visiki vyote vilikuwa vya kimo cha goti, vimesimama katikati ya njia, kwa sababu walioipanua njia upande mmoja walikuwa wameona trekta tu, na trekta liko juu, linavipita bila kuvisalimia. Hakuna aliyefikiria gari lenye tumbo la chini. Mpaka hapo Shabani alikuwa na haki kwa visiki, na Yohana alikuwa na haki kwa makorongo. Lakini nikiwa nimekaa juu ya magunia nililiona jambo ambalo hakuna fundi angeliona, maana wao walizoea kubishana na chuma na mimi nilizoea kubishana na watu. Kisiki kina mwenyewe. Korongo halina mwenyekiti.

Kabla hatujaanza kurudi nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Luhende, aliyekuwa kwenye uwanja wa kijiji akipokea mbolea. Wanawake walikuwa wanatwanga pembeni, vinu sita, sauti yake ilikuwa inaingia kifuani.

"Ndugu Mwenyekiti, visiki vya katikati ya njia vinatukwaza."

"Trekta halijalalamika."

"Trekta linarudi kwao. Mvua ikianza, mnabaki na jipu au mnabaki na vinu."

Akakuna kidevu. Akasema watu wako kwenye matuta, siku za kujitolea zimekwisha kupangwa, labda baada ya mavuno. Nikasema baada ya mavuno ni sawa, na mashine ya kusaga nayo itakuja baada ya mavuno. Nilisema kwa sauti ya kutosha. Vinu viwili vikanyamaza. Mama mmoja wa makamo, Mama Kulwa, akaweka mchi chini akaja mpaka tulipo.

"Huyu binti anasema mashine itakuja lini?"

"Visiki vikiondoka, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akamgeukia Luhende. "Mwenyekiti, wewe unatwanga?"

Biashara ikaishia hapo. Waliahidi kuviondoa visiki vyote ndani ya wiki mbili, nami nikaahidi kwamba gari likirudi mjini litabeba asali yao. Nilirudi Ng'ambo najiona nimemaliza, nikatoa kura yangu kwa mikono mirefu, nikaeleza kwa nini. Shabani akavua kofia yake ya kiua, akaitundika msumarini, na sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada. "Nimeshindwa kura," akasema, "sijashindwa kazi. Hakuna atakayeshika mashine hii isipokuwa mimi." Yohana alikata bomba, mimi nikishika kamba ya kupimia, tukipima mara mbili kila kipande, na Shabani akachomelea. Mshono wake ulilala juu ya chuma kama ususi wa kichwani. Siku ya mwisho waliingiza kreti la soda chini ya gurudumu moja, gurudumu likapanda, na mengine matatu yakabaki yamekanyaga chini, kimya. Watu sita wakamtazama Yohana. Yohana akaangalia saa, akasema tukale.

Mvua ikaanza mapema. Tuliondoka asubuhi, Shabani kwenye usukani, Yohana pembeni yake, mimi nyuma juu ya mashine ya kusaga, iliyokwisha kupata ringi zake, na Bwana Afisa akifuata na gari lake la serikali, jipya, springi za mabamba bado na rangi ya dukani. Alisema amekuja kushuhudia. Makorongo ya kwanza tuliyapita kama watu wanaoshuka ngazi, gurudumu moja moja. Nikawa nasubiri visiki. Hapakuwa na kisiki. Hapakuwa na kisiki kabisa! Nilikuwa karibu kuanza kujisifu kwa sauti pale gurudumu la mbele kushoto lilipotoweka. Lilizama mpaka nusu ya mlango, maji ya kahawia yakaruka juu, jipu likainama, likanyanyuka, likatoka. Hatua kumi mbele, la kulia. Shabani akafunga breki. Akaitazama njia iliyonyooka mbele yetu, nzuri, laini, imejaa vidimbwi vya duara vinavyong'aa.

"Dada Mwajuma," akasema bila kugeuka. "Visiki viko wapi?"

"Vimeondolewa, Mzee."

"Na mahali pake?"

Niliwaambia wakulima waondoe visiki. Mkulima haondoi kisiki kama mtu wa mjini anavyofikiri, kwa kukikata usawa wa ardhi. Mkulima anakisafisha kama anasafisha shamba: anachimba, anang'oa shina na mizizi yote, maana akiacha mzizi mwakani utachipua. Walikuwa wameifanyia njia heshima ya shamba. Visiki mia moja sabini na kimoja vilikuwa vimegeuka mashimo mia moja sabini na moja, mapana mpaka kwenye mapito ya magurudumu, mvua imeyajaza, na mimi niliyehesabu kila kitu mara mbili sikuwa nimeyahesabu hata mara moja. Nilijua pale kwamba nimeuza mashine ya kuchomelea kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo tukasikia nyuma yetu mlio kama wa sufuria linaloanguka. Gari la Bwana Afisa lilikuwa limeingia shimo la pili kwa springi zake mpya ngumu, gurudumu moja shimoni na jingine likizunguka hewani bila kugusa kitu. Tulisukuma. Halikutoka. Akateremka, suti ikalowa mpaka magotini, akatazama jipu letu kuukuu lililosimama mbele, magurudumu yake manne yakiwa kwenye vimo vinne tofauti na yote yakigusa ardhi.

"Hilo linasimamaje hivyo?"

"Mikono mirefu, Bwana Afisa," Yohana akasema.

"Kuna nafasi?"

Nikasogea. Alipanda juu ya mashine ya kusaga, tukakaa mimi na serikali bega kwa bega, tukaanza kuhesabu. Yeye ndiye aliyeanza. Nadhani alikuwa anajiliwaza. Shimo la thelathini. La arobaini na moja. Jipu lilitambaa kama kinyonga, mguu huu chini, mguu ule juu, tumbo likibaki sawa. Kule mbele Yohana alikuwa amechungulia dirishani akitazama gurudumu likizama na kupanda wima kama mkaa wake ukutani. "Unaona!" alikuwa anasema. "Unaona, Shabani!" Na Shabani: "Nyamaza, Yohana. Sina macho?" Kwenye shimo la tisini na sita kibano cha mkono wa nyuma kilikalia ukingo, tukanasa kweli. Shabani akateremka, akalala kwenye tope na kofia yake kichwani, akachungulia, akasema kwa furaha ya mtu aliyedai siku nyingi akalipwa, "Hapa ndipo niliposema!" Alikuwa na haki. Tulichimba kwa mikono na kwa mfuniko wa sufuria ya Mama Zena, aliyotupatia na chakula ndani, tukatoka, na hakulisema tena.

Hamia walitusikia kabla ya kutuona. Vigelegele vilianza ng'ambo ya mbuga, na tulipotokea Luhende alikuja mbio akashika gurudumu kama anayemsalimia ng'ombe. "Tumeng'oa vyote, dada!" akaniambia. "Hata mizizi!" Nilimwambia nimeona. Nilimwambia tumeona shimo moja moja. Mashine ilifungwa kabla ya saa tisa alasiri. Mama Kulwa alimimina debe la kwanza la mahindi mwenyewe, na unga ulipoanza kutoka wanawake hawakushangilia. Waliuchota viganjani, wakaunusa. Bwana Afisa alipewa kigoda na ugali wa unga ule kwa asali. Alikula vipande viwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama njia ya kurudi ni hiyohiyo.

Ilikuwa hiyohiyo. Tuliipita kesho yake na madebe kumi na mawili ya asali, serikali ikiwa juu yake, na vijana wa Hamia wakitangulia na majembe kufukia mabaya zaidi. Shabani aliyakataa majembe kwenye mashimo hamsini ya mwisho. Alisema yanapoteza muda. Alikuwa anayapiga yale mashimo kwa makusudi, mtu wa miaka arobaini na kitu, akicheka peke yake, na asali haikumwagika hata tone. Gari la Bwana Afisa tulilipita likiwa bado limelala palepale, na mwenyewe hakuliangalia.

Tuliingia Ng'ambo jua likiwa bado juu ya mabati, kwa magurudumu yetu wenyewe. Mafundi wanne waliobaki walikuwa wamesimama mlangoni kama watu wanaongoja majibu ya mahakama. Bwana Afisa akateremka. Suti ilikuwa na tope, grisi na asali, kwa mpangilio huo kutoka chini kwenda juu, na kwa mara ya kwanza aliingia ndani ya gereji bila kutazama anapokanyaga. Akaweka kiganja juu ya mashine ya kuchomelea.

"Hii haiendi popote," akasema. "Andikeni jina lenu juu yake." Kisha, baada ya kusafisha koo: "Na gari langu mkilivuta, mnaweza kulifanyia kama hili?"

Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na futi moja ya bomba. Nikamwambia inawezekana, ila bomba alete yeye, na koili, na akija aje na boliti sanduku moja, na kwa kuwa tumefahamiana, tufanye masanduku mawili. Akasema sawa. Akasema sawa bila kupunguza! Nilikuwa bado najilaumu kwa kutotaja matatu, pale nilipoona Shabani amekwisha kuchuchumaa chini, chaki mkononi, anachora mstari sakafuni. Alichora futi tatu. Akausimamia, akautazama, akainama tena akaurefusha.

"Yohana," akasema, "hivi ukiwa tatu na nusu, utadhuru nini?"